Barua kwa mhariri: Wambuti na iniversite, yale nayoona kwenye mashine yangu

Bwana mhariri,

Salamu toka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi si mwandishi, niko na kibanda cha kupiga mashine na fotokopi, na hii ni mara yangu ya kwanza kuandikia gazeti. Naandika juu ya ile barua mliyotoa wiki mbili zilizopita, ya yule msomaji aliyesema Wambuti, wale wanaoitwa pia Batwa ao pigmee, hawaonekani iniversite juu hawapendi masomo, ati hata ukiwalipia watarudi tu porini. Niliisoma nikaiweka chini, usiku nikaisoma tena, nikaona nikinyamaza ni kama nimekubali, na mimi sikubali hata kidogo.

Kibanda changu kiko fasi wanafunzi wanapita. Miaka 12 sasa napigia watu TFC na memwari, zile kazi za kuandika za kumaliza masomo ya iniversite, na raporo za staji, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi hata kula nasahau, watu wamejaa mlangoni, huyu direkteri, mwalimu anayemwongoza, amemurudishia shapitre ya pili, huyu anataka reliyure, kufungiwa kitabu, leo leo juu kesho anadefandi, anatetea kazi yake mbele ya walimu. Mtu akipiga mashine miaka yote hiyo anajifunza hata kama hakutaka. Na kuko neno moja linarudi kila mwaka kwenye vichwa vya hizo TFC, ni pigmee. Pigmee na parke, pigmee na kuchoma makala, pigmee na afya ya mama, pigmee na uchaguzi. Kwa hiyo habari zao nimezijua kwa vidole kabla sijazijua kwa masikio. Parke ya Kahuzi-Biega, ile hifadhi ya pori, ilitengenezwa 1970, mwaka wa 1975 wakaipanua mpaka ikafika hekta 600,000, mwaka wa 1980 UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia, na katikati ya hayo watu waliokuwa wanaishi ndani ya lile pori, karibu 6,000 kama TFC nyingi zinavyosema, wakatolewa bila kuonyeshwa fasi ingine ya kulima. Kesi yao ilipelekwa 2015 kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka wa 2024 ikatangazwa kwamba Kongo ilivunja haki zao.

Sasa, katika wote waliokuja kwangu na TFC juu ya Wambuti, aliyekuwa Mumbuti mwenyewe ni mmoja tu. Mmoja, kwa miaka 12.

Wengine wote ni watoto wetu sisi, Bashi, Bahavu, Batembo, Barega. Siwalaumu kwa kuandika, wengine wameandika vizuri na kwa huruma. Lakini katika kila TFC kuko ile tablo ya watu walioulizwa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, wasiojua kusoma wangapi, na mimi nikiipanga hiyo tablo nafikiria wale mama waliokalishwa chini ya mti kule upande wa Kalehe ao Kabare, wakaulizwa mpaka mambo ya ndani ya nyumba, wakaachiwa sabuni na chumvi kidogo, basi. Hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyewahi kuniambia mama ongeza kopi moja nirudishe kule kijijini. Kopi wanazotaka ni za jiri, wale walimu wanaohukumu kazi, za direkteri, za biblioteki na moja ya kuonyesha wazazi. Kulikuwa na mmoja wa mambo ya mimea, alitembea siku nzima na mzee mmoja Mumbuti, yule mzee akamuonyesha majani ya tumbo, ya homa, ya mwanamke aliyezaa, yote na majina yake, kurasa kama 15, ni mzee ndiye alizifundisha. Ndani ya kitabu mzee akaitwa "informata namba 4". Jina lake halikuwamo. Nilimuuliza yule kijana juu ya nini, akasema ndio metode inavyotaka. Labda ni kweli, sijasoma hayo, lakini yule profesa aliyetajwa ukurasa wa nyuma alitajwa jina lake na la baba yake.

Turudi kwa maneno ya msomaji wenu, ati hawapendi masomo. Bwana mhariri, mimi nimesomesha watoto watatu na najua makuta, ile pesa, inatoka wapi. Mwenzangu huku Kabare akitaka kulipa minervali, karo ya shule, anauza ngombe, akikosa ngombe anauza mti, akikosa mti anauza kipande cha shamba ya migomba, na kila mtu hapa anajua familia iliyouza shamba ili mtoto apate diploma. Mumbuti atauza nini? Shamba lake lilikuwa lile pori. Tangu wamutoe analima kwa wengine, analipwa kwa siku, mara nyingine analipwa mihogo. Bure ya shule iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, ndivyo katiba yetu ya 2006 inasema, artikle ya 43, na watoto wao wengi waliingia kweli. Halafu wanafika sekondari, hapo kuanza kulipa, wanafika egzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kulipa tena, na anayevuka hayo yote akafika iniversite anakuta minervali, silabus, staji, makuta ya kudefandi, na kodi ya chumba juu kwao ni mbali. Sijataja vita na mabanki yaliyofunga hapa Februari 2025, hayo yalitupiga sisi wote, lakini mwenye alikuwa tayari hana kitu alipigwa mara mbili.

Na bado pesa si jambo kubwa kuliko yote. Nitawaambia habari ya yule kijana mmoja.

Alikuja mwaka fulani wakati wa mvua, dafutari yake ameifunga ndani ya sashe mbili ili isilowe. Hakuwa na pesa ya kitabu chote, kwa hiyo tukapatana, kila akipata franka 2,000 ao 3,000 anakuja tunapiga kurasa anazoweza. Alikuwa anabeba mizigo sokoni asubuhi. Aliandika vizuri sana, mistari imenyooka, makosa hakuna, mimi napenda dafutari ya namna hiyo juu macho hayachoki. Siku moja tukafika kwenye page ya dedikasi. Alikuwa ameandika kwamba kazi hii ni ya nyanya yake, aliyezaliwa ndani ya pori kabla parke haijatengenezwa, ambaye hakujua kusoma na ndiye alimusukuma asome, halafu mstari wa mwisho: "na kwa Batwa wote wanaokuja nyuma yangu." Niliipiga ile page, nikaiweka katikati, nikampangia maandishi ya kulala kidogo jinsi wanavyopenda.

Nyuma yetu kulikuwa mwanafunzi mwingine anangojea, wa promosion yake, darasa moja naye. Alisoma kwenye ekra, akasema kwa sauti kubwa, "Kumbe weye uko Mumbuti? Na siku zote unakuwaka na siye!"

Kijana hakujibu. Alitazama mikono yake. Yule mwingine alipotoka ndipo akaniambia pole pole, "Mama, ondoa ile page." Nikamuambia mwanangu, acha ikae, ni nzuri. Akasema, "Mama, ondoa tu." Nikaiondoa.

Siku hiyo alibaki mpaka tukafunga, akanieleza. Mwaka wa kwanza alijiandikisha kwenye mutuele ya Bahavu, chama cha wanafunzi wa kabila hilo cha kusaidiana, juu anatoka Kalehe na anasema kihavu, na kimo chake ni kama cha mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyejua. Alikuwa analipa mchango wa mutuele, anaenda kwenye matanga yao, anacheka wakicheka. Kwenye oditwari, chumba kikubwa cha masomo, asistant, yaani mwalimu msaidizi, alifundisha kwamba pigmee ndio wakaaji wa kwanza wa nchi hii, wanafunzi wakaanza kuigiza wakitembea magoti yamepindwa, na yeye akacheka nao. Hiyo ndiyo alinieleza akilia, kwamba alicheka nao. Alisema kijijini kwao mzazi akienda kwa jirani anapewa maji kwenye kikopo chake peke yake, kile kinachowekwa nje, na yeye alikuja mjini akifikiri huku kwa wasomi hicho kikopo hakiko. Aliogopa wakijua watamwekea kikopo.

Kuko mwanafunzi mmoja wa droa, masomo ya sheria, aliyewahi kupigisha kwangu kazi juu ya watu wa asili wa Kanada. Nilipofika fasi moja vidole vilisimama. Ile sheria yao ya 1876 ilisema Muhindi wa huko, ndivyo ilivyowaita watu wa asili, akipata diploma ya iniversite, papo hapo mbele ya sheria hahesabiwi tena kuwa Muhindi. Akisoma anafutwa katika watu wake. Miaka 100 baadaye, 1976, hao hao wakafungua shule yao ya juu kule Saskatchewan, leo inaitwa iniversite, na watu wake ndio wanaamua kinachofundishwa. Sisi hapa hatuna sheria kama ile ya 1876. Tuko hata na sheria nzuri, ya tarehe 15 Julai 2022, ya kulinda na kuinua haki za pigmee, Raisi aliisaini. Lakini yule kijana alijifuta mwenyewe mbele yangu, na mimi ndiye nilibonyeza.

Kwa hiyo nataka niwaombe wakubwa wa iniversite zetu mambo ambayo hayahitaji hata mfadhili. Mtoto wa Batwa aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kama nilivyomruhusu mimi mwenye kibanda, bila kufukuzwa kwenye egzame. TFC yoyote iliyoulizia watu maswali kijijini, mwanafunzi aonyeshe kwanza karatasi kwamba alirudi kule akawasomea kwa kiswahili yale aliyoandika, ndipo adefandi. Mzee aliyefundisha majani atajwe jina lake kama anakubali. Na asistant akisikia wanafunzi wanaigiza, asimamishe somo palepale. Anasimamisha kwa simu inayolia, hatashindwa na hii.

Kwa msomaji aliyeandika ile barua, ndugu yangu, ukipenda kuja hapa nitakuonyesha ile dafutari, aliniachia baada ya kudefandi. Alipita, na alipita vizuri. Sijui yuko wapi sasa, namba yake haiingii tena.

Ile page sikuifuta kabisa. Niliitoa kwenye kitabu nikaiweka peke yake, iko kwenye flashi yangu mpaka leo. Kama anasoma gazeti hili, apite siku yoyote, nitaitoa kwenye karatasi nzito na kumfungia kitabu upya, reliyure ya ngumu, bila franka moja.

Mama wa kupiga mashine,
Kadutu, Bukavu