Barua ya Wazi kwa Madula Wetu wa Mombasa

Mabinti zangu,

Nawasalimu nyote, mlio Kisauni, Likoni, Changamwe na hapa Mji wa Kale. Nilikuwa mkunga wa hospitali hadi nilipostaafu, na nimefurahi kuona mmejitokeza kuwa madula, yaani wasaidizi wa kuwasindikiza wajawazito leba, kwa sababu naujua upweke wa mwanamke anayeumwa uchungu usiku huku wauguzi wachache wakigawana vitanda vingi.

Asiwaambie mtu kwamba kazi hii ni anasa ya wenye pesa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na mtu amtakaye mwenyewe kando yake wakati wa uchungu na kujifungua, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa anayetegemezwa mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huelekea kuwa mfupi.

Ninalotaka mlishike ni hili: nyinyi ni wa mama, si wa mlango wa uzazi. Hampimi njia, hamsikilizi mapigo ya moyo wa mtoto, wala hamtoi dawa, hata mama mkwe akija na chupa ya mizizi iliyochemshwa na kuapa kwamba ndiyo iliyomzalisha yeye. Dawa inayokaza mfuko wa uzazi kupita kiasi humnyima mtoto hewa na huweza kuupasua mfuko wenyewe. Mkatazeni kwa adabu, lakini mkatazeni.

Kazi yenu mnayo tele. Uchungu unapopanda, mwache mama asimame aegemee ukuta au shingo yako, kisha weka kiganja chini ya mgongo wake, juu kidogo ya makalio, ukandamize kwa uzito wa mwili wako mpaka uchungu ushuke, na usimuulize chochote wakati huo. Ukipoa, mpe maji kidogo kidogo na umkumbushe kwenda haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huweza kumchelewesha mtoto kushuka. Akisema anataka kusukuma, mwite mkunga papo hapo. Na mume akitaka kuwapo, na wodi ikiruhusu, mwonyesheni pa kuweka mkono badala ya kumpisha kando.

Maandalizi yaanze mapema. Anayehamishwa usiku kutoka Likoni kwenda Hospitali Kuu ya Pwani huenda akalazimika kungoja feri, kwa hivyo kaeni na familia wiki kadhaa kabla, muulize gari ni la nani, pesa ziko wapi, na ni nani aliye tayari kutoa damu. Kichwa kikimuuma sana na macho yakaona ukungu, akitokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza, msimkande wala msimliwaze nyumbani, mpelekeni hospitali.

Mtoto akishazaliwa, msikimbilie mteja mwingine. Saidieni anyonye ndani ya saa ya kwanza, na maji ya sukari yabaki jikoni. Tazameni pia khanga ya mzazi: ikilowa damu upesi upesi, nendeni mkamwite muuguzi bila kuona haya. Desturi yetu ya arubaini, ya kumkanda mzazi kwa maji moto na kumpikia uji wa pilipili manga, imewapa wanawake wengi mapumziko, ila nyumba ikijaa wageni huwa hakuna anayeona kwamba mzazi halali usingizi, hali chakula, na hamtazami mtoto wake. Nyinyi mliomwona uchi wa maumivu ndio atakaowaambia ukweli. Mtembeleeni, na akiwa katika hali hiyo mfuateni hadi kwa daktari.

Kuhusu malipo, mnastahili kulipwa, nami sioni vibaya. Hata hivyo pangeni zamu, ili msichana wa mitaa yetu duni ya Bangladesh au Owino Uhuru asiye na kitu apate naye wa kumshika mkono. Na kabla ya kufika wodini na mteja yeyote, nendeni kama kikundi kwa muuguzi msimamizi, mjitambulishe, mumwulize masharti ya wodi yake na mkubaliane mtasimama wapi wakati yeye anafanya kazi yake.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu, Mombasa