Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Billy Wilder

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati ichague mwongozaji mmoja wa vichekesho, tumtazame kwa mapana, kisha tuzipange filamu zake kwa kura. Kamati ilimchagua Billy Wilder. Huko Hollywood aliongoza filamu 25 kati ya 1942 na 1981, na si zote za kuchekesha, kwa hiyo ilibidi tuchambue. Mzozo wa kwanza uliletwa na Stalag 17: ni kambi ya wafungwa wa vita, lakini ukumbi mzima ulicheka. Iliachwa nje. Mpaka leo naona tulikosea.

Some Like It Hot iliongoza, kama ilivyoongoza orodha ya vichekesho 100 ya Taasisi ya Filamu ya Marekani mwaka 2000. The Apartment ya 1960 ikashika nafasi ya pili. Kura yangu niliipa The Apartment, na naomba niitetee hapa, maana mjadala ule ndio uliotuweka vitini hadi usiku mwingi.

Waliopinga walisema filamu ambayo msichana anameza vidonge vya usingizi ili afe, tena siku ya mkesha wa Krismasi, haiwezi kuitwa kichekesho. Ni hoja nzito. Lakini kumbukeni kile kioo. Baxter, karani anayewaachia wakubwa wake nyumba yake wakutane na mahawara, ameokota humo kijioo cha mkobani chenye ufa, akamrudishia bosi. Baadaye, kwenye sherehe ya ofisi, anajaribu kofia mpya, na Fran, yule msichana wa vidonge, anampa kioo chake ajitazame. Anauona ufa. Hakuna anayemweleza kitu, naye amekwisha kujua yote: Fran ndiye hawara wa bosi. Kofia ile ile tuliyokuwa tukiicheka sasa inatuuma. Halafu, Fran akiwa bado mgonjwa, Baxter anachuja tambi kwa raketi ya tenisi, nasi tunacheka kwa sababu tulikuwa tumemhofia yule binti. Wilder hakukiweka kicheko pembeni mwa huzuni. Alikichimba humo humo.

Upande wa pili ulinijibu vizuri. Katika Some Like It Hot wanaume wawili wanavaa nguo za kike ili kuwakimbia majambazi, na tangu hapo kila uongo unazaa mwenzake bila filamu kupoteza mwendo hata mara moja. Hilo ni gumu kulijenga. Na Wilder mwenyewe alisimulia kwamba neno la mwisho la filamu, "Hakuna aliyekamilika", linalosifiwa dunia nzima, yeye na mwandishi mwenzake I.A.L. Diamond waliliweka kwa muda tu, wakitumaini kupata bora zaidi.

Ninalosikitikia ni One, Two, Three, tuliyoitupa karibu na mkiani. Ilipigwa picha Berlin mwaka 1961, na Agosti ukuta ukajengwa kazi ikiendelea, hata Lango la Brandenburg likabidi litengenezwe la bandia Munich. Filamu ilipotoka, watu hawakuwa na moyo wa kuucheka mji uliokatwa vipande viwili. Mwaka 1985 ilionyeshwa tena Ujerumani Magharibi ikapendwa sana. Filamu ilikuwa ile ile. Sisi pia, tulipoirudia kwa ombi la vijana, na kumsikiliza mwigizaji wake mkuu, James Cagney, akimimina maneno bila kuvuta pumzi, wanachama kadhaa walitaka kubadilisha kura zao, nami nikawakatalia kwa sababu kanuni haziruhusu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Wenye malimbikizo ya ada wamekwisha kukumbushwa. Namshukuru kwa dhati katibu wetu anayeng'atuka. Bila kumbukumbu zake za mijadala, taarifa hii isingeandikika.

Mwaka ujao kamati inataka tuanze na Kiss Me, Stupid na Avanti!, ambazo hatukuzifikia. Kabla ya hapo naomba kanuni ya kura irekebishwe: filamu isipigiwe kura mpaka wanachama wawe wameitazama mara mbili, siku tofauti. Nalileta pendekezo hili mbele yenu lijadiliwe leo.