Risala ya wanafunzi wa uzamifu, uhandisi wa mitambo, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wahadhiri wetu, wazazi na wageni waalikwa, asalaam aleikum. Karibuni Mombasa, na wenyeji tunawashukuru kwa kufika.

Mgeni rasmi, wazazi wetu humu ukumbini huuliza tunasomea nini tena, ilhali digrii mbili tunazo. Tunasomea kutu.

Hewa ya mji huu imebeba chumvi. Chumvi hutua juu ya chuma, ikanyonya unyevu wa usiku, na kloridi iliyomo hutoboa utando mwembamba unaoilinda hata stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Vishimo vyake ni vidogo mno. Mara nyingi hugunduliwa bomba likisha kuvuja. Maabara hupima madhara hayo kwa ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5, joto nyuzi 35, bila kukoma. Kilindini hakuna ukungu wa namna hiyo. Kuna umande wa alfajiri, jua la adhuhuri, kusi na kaskazi. Chuma hulowa, hukauka, hulowa tena, na kila kikikauka chumvi hukolea. Matokeo ya maabara za ng'ambo hayatutoshi, na hapo ndipo tasnifu zetu zinapoanzia.

Kinachotuumiza, mgeni rasmi, ni hiki: shafti ya pampu ikikatika, vipande huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hajavitazama mtu. Kwetu huo ni ushahidi. Shafti iliyochoka kwa mizunguko mingi mara nyingi huacha mistari iliyofuatana kama alama za maji yanayokupwa ufukweni; iliyokatika kwa mzigo wa ghafla haina mistari hiyo. Ukishauza kipande, umeuza na sababu.

Ada ni mzigo, lakini hilo tutalifikisha kwingine. Kwako wewe, unayesikilizwa na wenye viwanda na wasimamizi wa gati, tunaomba vipande hivyo vitufikie kwanza, pamoja na daftari la matengenezo, hata likiwa limejaa grisi. Siri za kampuni tutazilinda kwa maandishi. Tunaomba pia kiwanja kidogo kando ya bahari, chenye uzio, tuweke fremu ya vipande vya chuma vya majaribio, vipigwe na hewa ya bahari kwa miaka miwili. Umeme hatuhitaji.

Fremu yenyewe tumeshaichomelea, iko nje ya karakana. Baada ya chakula, tunakuomba utufungie kipande cha kwanza kwa mkono wako.

Ahsante sana.