Nimekwenda kuziona hoteli zako zote mbili

Mwanza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Wajukuu zangu waambie bibi ameshaanika matobolwa, na safari hii sitaki kusikia mtu analilia chipsi.

Zile picha ulizotuma kwenye simu ya mdogo wako nimekaa nazo siku mbili. Umeuliza, "Mama, ipi?" Picha hazikunisaidia kitu. Hoteli zote mbili zina kitanda cheupe, zote zina taulo zilizokunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana, zote zina glasi ya juisi. Hao bata nimewakunja miaka 19 nikitandika vitanda hotelini, naujua ubusu wao. Mgeni akifika anawasukuma chini atafute pa kulala. Kwa hiyo Alhamisi nilivaa kile kitenge cha harusi ya mdogo wako, nikapanda bajaji nikaenda kuziona kwa macho yangu.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Nimeona ulivyoandika kwa kuzunguka, ukiogopa nitasema mtoto wa Mwanza anakujaje kwao akalale hotelini. Majirani watasema, waache waseme. Mumeo ni mkwe, na mkwe halali ukuta mmoja na mama mkwe. Tena nyumba yangu ina choo kimoja. Afadhali yeye awe huru huko, na mimi asubuhi nitembee na kanga yangu bila kujificha. Ndoa ya miaka kumi si mchezo. Leteni watoto huku, nyie mkapumzike siku zenu tatu.

Halafu hilo neno lako, "hoteli ya butiki". Mimi butiki najua ni duka la magauni. Mdogo wako akanieleza: hoteli ndogo, ya gharama, vyumba vichache, kila chumba na sura yake, na wafanyakazi wanamjua mgeni kwa jina. Nikamwambia kumbe ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya kabla ya kompyuta, ila sisi hatukujua kwamba ina jina la kuongezea bei.

Nilianza na ile ya ziwani. Sitakudanganya, inapendeza. Ukipita geti tu ghuba yote iko mbele yako, yale mawe yetu yamebebana, na jua linazama hukohuko upande wa maji, saa moja kasorobo hivi. Wakanipa kitambaa cha baridi nijifute uso. Binti wa mapokezi ana adabu zake. Nilipomwambia nataka kuona chumba, akaniuliza kama nimekuja kwenye kikao cha harusi.

Kikao cha harusi? Kumbe nyuma ya bustani kuna ukumbi, na Jumamosi yenu umeshakodiwa. Nikatembea kutoka mlango wa ukumbi hadi mlango wa chumba mlichoonyeshwa, hatua 64. Wewe unazijua harusi za Mwanza. Utasikiliza zawadi za shangazi wa bwana harusi zikitajwa moja moja mpaka saa saba ya usiku, na utalipia.

Chumba chenyewe kinatazama magharibi. Niliingia saa tisa mchana, kiyoyozi kinanguruma lakini joto limekaa palepale. Wanaopiga picha hawakwambii kwamba dirisha linalokuonyesha machweo ndilo hilohilo linalopokea jua la alasiri yote. Baraza ikiwa na paa refu mbele, sawa, jua linaishia nje. Hii haina, kuna kioo tu kuanzia chini hadi juu. Bafuni nikafungua maji ya moto nikaanza kuhesabu, nikafika 90 ndipo yakaja. Kisha nikaliacha bomba la mvua wazi nikavuta choo, nione kama maji yatakatika. Yalipungua yakawa kama ya kunawia mikono. Binti alinitazama kama mgonjwa.

Sasa kuhusu ufukwe, na hili mwambie mumeo mapema maana yeye ni mtu wa Tanga na akiona mchanga anavua shati. Ziwa si bahari. Kandokando, kwenye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wadogo wanaobeba vijidudu vya kichocho. Huhitaji kuyanywa hayo maji, vinapita kwenye ngozi. Kwa hiyo ule ufukwe ni wa kutazama na kupigia picha, na kuogelea ni kwenye bwawa. Ukishajua hivyo, jiulize unalipia nini hasa. Siku niliyokwenda hata huo ufukwe haukuonekana, upepo ulikuwa umeleta magugu maji, yamejaa mpaka kwenye gati. Siwalaumu. Hayo magugu yapo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, leo yako kwao, keshokutwa upepo utayapeleka kwa mwingine. Ila kwenye picha hakuna hata jani moja. Na wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, usiku taa ya baraza ikiwaka wanajaa hadi kwenye supu. Mtoto wa hapa hashangai, lakini madirisha yasipokuwa na wavu hamtakaa mkayafungua.

Baada ya hapo nikapanda mlimani, Isamilo. Bajaji ililia njia nzima, na mita za mwisho dereva akaniomba nishuke. Hilo ni kosa la kwanza la hoteli ya pili, liandike. La pili ni ngazi 43 bila lifti. La tatu hakuna bwawa. Ni nyumba ya zamani ya mawe, sakafu nyekundu ya saruji iliyong'arishwa kwa nta, vyumba 11 basi. Ukisimama kwenye baraza yake unaona paa za mji zote, halafu maji. Mnakumbuka lile bango la mnara wa saa mlilokuwa mkilisoma mkienda shule? Limeandikwa kwamba ni kutoka mlima huu yule mzungu Speke aliliona ziwa mara ya kwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Babu zako walikuwa wananywesha ng'ombe humo, lakini haya, aliliona.

Meneja ni kijana tu. Nikamwambia chumba nitakiona baadaye, kwanza anipeleke stoo ya mashuka. Akacheka, kisha akaona sicheki, akanipeleka.

Hapa nisikilize vizuri maana ndiyo kazi iliyowasomesha. Kitanda kimoja cha hoteli kinataka seti tatu za mashuka: moja imetandikwa, moja iko kwenye kufuliwa, moja iko rafuni inapumzika. Hoteli inayobana matumizi inaanzia hapo, inaweka seti mbili. Kiangazi hutajua. Ikifika masika, shuka halijakauka na mgeni yuko njiani, basi linapigwa pasi likiwa na unyevu, linatandikwa. Mgeni anaingia usiku anasikia uvundo kidogo, anadhani ni harufu ya ziwa. Mimi nimetandika mashuka ya namna hiyo, kwa kuamriwa, na aibu ninayo hadi leo. Kwa hiyo nikahesabu rafu za yule kijana. Zilitimia, na pembeni kulikuwa na zilizoliwa na jiki zimetengwa zikatwe vitambaa vya kufutia. Mama anayefua yupo pale tangu hoteli ifunguliwe. Kule ziwani niliowauliza watatu, mwenye siku nyingi alikuwa na miezi miwili. Mahali ambapo watu hawakai, kuna kinachowafukuza, na mgeni atakutana nacho tu.

Maji ya moto huko mlimani nilihesabu 25. Nikavuta choo, bomba halikushtuka. Nikavuta mara ya pili kwa kutoamini.

Kuna jambo jingine ambalo hulijui, kwa sababu nyumbani sikuwa nasimulia ya kazini. Pale nilipokuwa nafanya kazi, sitaitaja, tulikuwa na chumba namba 107. Kilikuwa juu ya jiko, jenereta iko ukutani kwake, na saa kumi na moja alfajiri masufuria yanaanza. Kwenye picha kilifanana na vingine vyote. Aliyepewa ni mgeni aliyelipa bei ya chini kupitia mtandao na hana sauti, au mwanamke aliyekuja peke yake. Nilimpeleka mama mmoja mzee kutoka Bukoba usiku, asubuhi akaniambia asante binti yangu, nimelala. Macho mekundu. Kila hoteli ina 107 yake, hata ya kifahari, hata yenye vyumba 11. Huko mlimani ni namba 3 na 4, jenereta iko nyuma yao, nimezunguka nikaiona. Nyie chukueni 8. Iko mwisho wa baraza, inatazama mashariki na kaskazini, kwa hiyo mchana ni baridi. Mtaamshwa na adhana kisha na kengele, lakini hiyo ndiyo Mwanza.

Bei. Ya ziwani walinitajia 340,000 kwa usiku, ya mlimani 270,000. Ya ziwani walianza kwa dola, nikawakumbusha kwamba tangu 2025 kanuni zinataka bei za hapa nchini zitajwe kwa shilingi, binti akaenda kumuuliza mkubwa wake akarudi na shilingi. Wewe usilipe mtandaoni. Wale wa mtandao wanakata fungu lao, asilimia 15 na zaidi, na mwenye hoteli anajua. Mpigie meneja mwenyewe, usimwombe apunguze bei maana hapo atakuwa mkali, mwombe gari la kuwafuata uwanja wa ndege. Atakubali. Kutoka huko mnapita Pasiansi na Kirumba, mko mjini. Muulize kama kodi imo, kama kifungua kinywa ni cha watu wawili, na mkiahirisha anarudisha nini. Akujibu kwa ujumbe wa maandishi, ya mdomoni yanapotea.

Kifungua kinywa cha ziwani ni soseji, mayai na matunda ya kopo, kwenye mji huu wa matunda! Mlimani wanapika baada ya wewe kuamka, na nimeona karanga zikichomwa. Nikauliza wanazitumia kwenye nini, mpishi akasema michembe, wageni wanaipenda. Nilitaka kumkumbatia.

Nimesikia utakavyosema: mama, miaka kumi ya ndoa, na ziwa je? Mwanangu, ziwa halijafungiwa na hoteli. Ijumaa jioni nendeni kule ziwani mkale sato mzima na mkalione jua linazama, walipeni sahani mbili mwondoke. Msiende Jumamosi, nimeshakwambia kwa nini. Au shukeni Kamanga mlitazame likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, bure, na mahindi ya kuchoma mkononi. Jumamosi asubuhi chukueni boti Capri Point mwende kisiwa cha Saanane. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, tangu 2013, siyo ile bustani ya wanyama mliyopelekwa na shule, ingawa pimbi ni walewale. Na Jumapili, kabla ya ndege, nataka twende wote na watoto tukapite juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Kilomita tatu juu ya maji! Nakumbuka tulivyokuwa tunakaa kwenye foleni ya kivuko saa nzima na zaidi, wewe mgongoni unalia, kwenda kumzika bibi yako Sengerema. Nataka nipite kwa dakika chache nikiwa nimekaa.

Kutoka Isamilo mjini ni mteremko, mtatembea kwa miguu asubuhi. Kupanda, chukueni bajaji, na mkubali kushuka mita za mwisho. Viatu vya visigino acha Dar.

Mama mwenyewe sitapanda zile ngazi mara ya pili, goti langu usiku lilinikumbusha zote 43. Mtanikuta nyumbani.

Nimemwomba yule kijana aliandike jina lenu kwa penseli kwenye namba 8 mpaka Ijumaa hii, zaidi ya hapo hawezi kungoja. Ukimpigia asipokumbuka ni akina nani, mwambie wewe ni mtoto wa yule mama aliyevuta choo mara mbili.

Mama yako