Kwa nini barua taka bado zinapenya kwenye kikasha chako

Mteja wetu mmoja alitutumia picha ya barua pepe iliyomtaka "athibitishe malipo" mara moja. Akauliza, neno malipo liko wazi namna hii, kichujio cha kuzuia barua taka kilikuwa wapi?

Kilikuwepo. Tulipoichunguza barua ile tukakuta "a" iliyomo kwenye neno malipo si a yetu, ni herufi ya Kisirili, ile ya kuandikia Kirusi. Kwa macho ni pacha. Kwa kompyuta a yetu ni namba 97 na ile nyingine ni 1072, kwa hiyo neno zima likawa geni kabisa kwa kichujio.

Hila nyingi za watumaji hawa ndivyo zilivyo: wewe unaona hili, mashine inasoma lile. Wengine huficha kati ya herufi alama zisizoonekana. Wengine hugeuza ujumbe wote kuwa picha, au siku hizi msimbo wa QR, ili pasiwe na maneno ya kusoma. Na kwa kuwa vichujio vingi hupima kila neno lina uwezekano gani wa kutoka kwenye barua taka, njia aliyoieleza mwanaprogramu Paul Graham mwaka 2002, watumaji hujaza chini ya barua vipande vya habari visivyo na hatia, kwa maandishi meupe juu ya weupe. Vichujio vya sasa vinazijua hila hizi, ingawa si kila mara.

Linalotukosesha usingizi ni akaunti iliyotekwa. Ukaguzi wa SPF, DKIM na DMARC, ambao tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanaudai kwa wanaotuma barua nyingi, huthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kinachotajwa, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata @. Haukwambii aliyeiandika ni nani. Mwizi akishaipata nywila ya mhasibu wako, barua zake zinapita kote, tena kwa saini halali. Ndiyo maana tunasisitiza sana uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, kwa kila akaunti tunayoisimamia.

Barua taka ikikufikia, usiifute tu; bonyeza kitufe cha kuripoti, maana kichujio hujifunza hapo. Na ikitoka kwa mtu unayemfahamu akitaka pesa, mpigie kwanza, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.