Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: fisi maji wetu wanafia kwenye timba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ofisini kwako nimeshafika mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa uko kikaoni. Ndiyo maana naandika hapa.

Jumanne alfajiri, nikitoka kutega ndoano za kamongo, nilikuta wavu wa timba, ule wa uzi mwembamba wa plastiki, umezungushwa kwenye matete karibu na mwalo wetu, hapa Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Ndani yake walikuwamo fisi maji wawili, wale wanyama wa manyoya wanaokula samaki, mama na mtoto. Mtoto hakuzidi urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko. Mama uzi ulikuwa umemkata mdomo kwa jinsi alivyoutafuna ajinasue, na chuchu zake bado zilikuwa na maziwa. Mnyama huyu anavuta hewa kama wewe na mimi; akinaswa chini ya maji, dakika chache tu amekwisha. Nilipofika nao mwaloni vijana walishangilia. Mmoja akauliza bei ya ngozi.

Vijana siwalaumu sana. Wamekua wakiambiwa fisi maji ni mwizi, tena anachana nyavu, na kweli hata mimi amewahi kunichania. Lakini utotoni kwangu tulikuwa tunawaona wanne, watano, asubuhi maji yakiwa maangavu, wanapigiana mluzi, kila mmoja kashika furu wake, yule samaki mdogo, kwa mikono miwili kama mtoto anayekula hindi. Sasa napita mwezi mzima sijaona hata mmoja. Kisiwani Rubondo nasikia bado wapo, ila Rubondo ni hifadhi.

Sangara si samaki wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Nyingi kati ya hizo hazijaonekana tena, na furu ndiye chakula cha huyu fisi maji wetu mwenye mabaka shingoni. Sangara siwezi kumtukana, maana bati za nyumba yangu na ada za wanangu zimetoka kwake. Lakini furu waliobaki sasa wanakombwa na timba na makokoro, nyavu za kukokota, wakubwa kwa wadogo. Na maji yamechafuka. Fisi maji huyu huwinda mchana, kwa macho. Kwenye tope samaki hamwoni. Mimi naona ni udongo wa mashambani, pengine na magugu maji, nanyi wenye wataalamu mtanisahihisha.

Mheshimiwa, mwaka juzi ulisimama chini ya mwembe wa mwaloni petu, sisi tumekalia mitumbwi iliyopinduliwa, ukasema ndani ya miezi mitatu timba zitaondoka na vigingi vya kuonyesha mwisho wa mita 60 kutoka majini vitawekwa, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Tulikupigia makofi. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Juzi nimepima kwa miguu yangu: nyanya zimelimwa hadi hatua tisa kutoka majini, matete yamefyekwa na kuchomwa, na humo ndimo fisi maji walimokuwa wakizalia. Kigingi hakuna hata kimoja.

Waliokuja kusaka nyavu haramu walichoma za kwangu, makila ya inchi 6, nyavu za sangara, nikiwa na risiti mkononi. Mtumbwi mkubwa nikauuza ili binti amalize shule. Nina miaka 58 na nimebaki na ndoano arobaini. Wenye timba wanazitega usiku na kuzitoa kabla jua halijachomoza, na hapa mwaloni hakuna asiyewajua.

Nilitaka kuomba mengi: vigingi, matete yapandwe upya, nilipwe nyavu zangu. Hayo yasubiri. Naomba boti moja ya doria, usiku mmoja, ije itoe timba kwenye matete. Jana jioni nilisikia mluzi ng'ambo ya matete, mmoja tu, unaita na hakuna wa kuuitikia. Na wavu mwingine umeshategwa pale pale. Tafadhali Mheshimiwa, utolewe wiki hii.

Wako mtiifu,
Mvuvi wa ndoano, Ghuba ya Mwanza