Risala ya Kikundi cha Washona Pochi za Sarafu kwa Mgeni Rasmi, Ngamiani, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata na Afisa Maendeleo ya Jamii,
Viongozi wetu wa dini,
Wazazi na walezi wa vijana wanaohitimu leo,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya wanachama wa kikundi chetu cha ushonaji, na kwa niaba ya vijana waliomaliza mafunzo ya kushona pochi ndogo za sarafu zenye fremu ya chuma, tunakukaribisha Ngamiani na tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunajua kwamba risala nyingi unazosomewa kwenye mahafali ya mafundi huishia kwenye ombi la vyerehani. Yetu haitaishia huko, na tunaomba subira yako kidogo tueleze sababu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kiliundwa na akina mama wauza mboga, mama lishe na mafundi cherehani wa mtaa huu, ambao kwanza walikutana katika upatu na baadaye wakaona waongeze kazi ya mikono. Wazo la pochi lilitoka kwa wauza mboga wenyewe. Bibi zetu walifunga fedha zao kwenye ncha ya kanga, na wengi wetu tunafanya hivyo hadi leo, lakini fundo la kanga halimfai mtu anayerudisha chenji tangu alfajiri hadi magharibi. Wapo watakaouliza kwa nini tushone pochi za sarafu wakati fedha za simu zipo nchini tangu mwaka 2008. Jibu lipo Soko la Mgandini asubuhi yoyote: hakuna mtu anayenunua fungu la mchicha au nazi moja kwa kutuma fedha kwa simu na kulipia makato juu yake. Tena sarafu zimeongezeka uzito mifukoni mwetu. Sarafu ya shilingi 500 ilianza kutumika mwaka 2014, na noti ya shilingi 500 ilikoma kuwa fedha halali mwezi Aprili mwaka 2025, kwa hiyo kiasi ambacho zamani kilikunjwa na kuwekwa kifuani sasa ni chuma kinacholia na kutoboa mifuko ya magauni.

Pochi tunazozizungumzia ziko juu ya meza iliyo mbele yako. Kila moja ina mikono miwili ya chuma iliyounganishwa kwa bawaba pande zote mbili, na juu yake kuna vigololi viwili vinavyopishana na kufungana kwa mlio mmoja mfupi. Muuza samaki aliyeshika kisu mkono mmoja huifungua kwa kidole gumba cha mkono wa pili, jambo ambalo zipu haimruhusu, kwa kuwa zipu huhitaji mikono miwili na tena hukwama ikiingiwa na magamba. Pochi ya fremu si uzushi wetu. Ulaya ilikuwa na mifuko ya fedha yenye fremu za chuma tangu karne nyingi zilizopita, na Wajapani waliipokea kutoka huko katika enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, wakaifanya kuwa kazi yao ya mikono na bado wanazishona kwa vitambaa vya kimono. Sisi tunazishona kwa kanga, kitenge na kikoi, na kwa sehemu kubwa tunatumia mabaki tunayopewa na mafundi wa nguo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba mshonaji huanza na kitambaa, kisha hutafuta fremu ya kukitosha. Ni kinyume chake. Fremu ndiyo inayotangulia, na patroni, yaani karatasi ya kipimo inayofuatwa katika kukata kitambaa, huchorwa kutokana nayo. Mshonaji hulaza fremu juu ya karatasi, huzungusha penseli kwenye ukingo wake wa nje, huweka alama mahali zilipo bawaba, kisha hupitisha uzi ndani ya mfereji wa fremu, yaani mkunjo wa chuma unaomeza ukingo wa kitambaa, kutoka bawaba moja hadi nyingine ili kupata urefu kamili wa mdomo wa pochi. Urefu huo ukishajulikana ndipo huongezwa nafasi ya mshono. Kutoka kwenye alama za bawaba kwenda chini, mstari hutanuliwa sentimita moja au moja na nusu kila upande ili pochi ipate tumbo, kwa kuwa pochi isiyo na tumbo hufunga vizuri ikiwa tupu na hukataa kufunga ikitiwa sarafu.

Hapa ndipo penye ugumu wote. Mdomo wa kitambaa ukizidi urefu wa mfereji hata kwa nusu sentimita, hujikunja ndani ya chuma na kuleta makunyanzi. Ukipungua, huvutika na kuchomoka pembeni baada ya mteja kuondoka nayo. Mshono wa ubavuni nao lazima ukome palepale kwenye alama ya bawaba: ukipanda juu zaidi, pochi haifunguki yote, na ukiishia chini mno, hubaki tundu la kupenyeza sarafu. Ganda la nje na bitana hushonwa kila moja peke yake, kisha huunganishwa mdomoni vikiwa vimetazamana uso kwa uso, na huachwa uwazi mdogo wa kugeuzia. Uwazi huo huachwa mdomoni na si kwenye bitana, kwa sababu mdomo wote utazama ndani ya mfereji na hakuna atakayeuona. Kati ya ganda na bitana huwekwa gamstifu, yaani kitambaa cha kukazia, au sponji nyembamba, ambayo hukatwa fupi kuliko mdomo ili isiingie kwenye mfereji wenye upana wa milimita chache tu. Kwa sababu hiyo wahitimu wa leo walitumia sehemu kubwa ya mafunzo wakichora na kukata karatasi kabla ya kugusa cherehani, hata baadhi ya wazazi wakatujia kuuliza kama watoto wao wanafundishwa kushona au wanafundishwa kuchora.

Ushonaji wenyewe wa mashine ni mfupi. Kazi ndefu ni ya kutia fremu, na hiyo haina mashine. Kwa fremu za gundi, mshonaji hupaka gundi nyembamba ndani ya mfereji, huanza kuingiza kitambaa katikati ya mkono wa fremu, kisha kwenye pembe, kisha sehemu zilizobaki, akisukuma kwa ncha ya bisibisi bapa isiyokata. Baada ya hapo huingiza kamba nyembamba upande wa bitana ili kitambaa kibanwe na kisitoke. Kwingineko hutumika kamba ya karatasi. Sisi, kwa kuwa tupo mkoa wa mkonge, tunatumia uzi wa katani uliosokotwa, na kwa maoni yetu unashika vizuri zaidi. Mwisho hubana ncha za mfereji karibu na bawaba kwa koleo, akiwa ameweka kipande cha kitambaa katikati ili chuma kisichubuke, kisha pochi huachwa wazi hadi gundi ikauke kabisa. Fremu za matundu hazihitaji gundi. Hizo hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa uzi maradufu unaorudi nyuma kila hatua, na ijapokuwa huchukua muda mrefu zaidi, ndizo tunazozipendelea hapa pwani, kwa sababu gundi nyingi hulegea katika joto la Tanga, hasa pochi ikisahauliwa juani kwenye meza ya biashara.

Hatuwezi kupita bila kugusia kanga, maana wateja huiulizia kuliko kitu kingine. Kanga ina pindo, mji na jina, na kila mteja anataka jina litokee kwenye pochi yake. Pochi yenye fremu ya sentimita 8.5 haiwezi kubeba jina zima, na ukilikata ovyo unaweza kumfanya mtu atembee na maneno ambayo hakuyakusudia. "Japo sipati tamaa sikati" ni jina la kuheshimika, lakini likibaki "tamaa sikati" peke yake, mama wa watu ataulizwa maswali sokoni. Tumekubaliana kwamba mji hukatwa kuwa ganda la nje, pindo huwa bitana, na jina hutumika tu pale linapoenea lote kwenye pochi kubwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike risala hii kwa namna hii. Vitambaa tunavipata kwa bei ndogo au bure, bitana na uzi vipo kila duka la vifaa vya mafundi, na vyerehani tulivyonavyo vinatosha, kwa kuwa cherehani kimoja huzalisha maganda mengi kuliko mikono yetu inavyoweza kuyatia fremu. Fremu yenyewe, hata hivyo, hutugharimu kuliko kitambaa, bitana, uzi na gundi vikijumlishwa pamoja. Hazitengenezwi hapa. Hutoka China, tunazifuata Kariakoo, na tunanunua zile zilizopo siku hiyo. Mwezi huu zinapatikana za mviringo, mwezi ujao zimekwisha na zimeletwa za pembe, na kila umbo jipya hutudai patroni mpya, hivyo mhitimu aliyekariri vipimo vya jana hujikuta anaanza upya. Mteja aliyeagiza pochi nyingi za kufanana kwa ajili ya zawadi za harusi hatuwezi kumhakikishia lolote. Zaidi ya hayo, fremu za bei nafuu ni chuma kilichopakwa rangi hafifu ya fedha au shaba, na kwa hewa ya chumvi ya bahari na mikono yenye maji ya samaki, kutu huanza kwenye bawaba na kuchafua bitana. Tunaona haya kuuza kitu ambacho mshono wake utadumu kuliko chuma chake.

Kwa hiyo hatuombi vyerehani. Ukitupatia leo, vitapigwa picha vizuri na vitakaa kimya tukisubiri fremu.

Ombi letu la kwanza linahusu mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo wanawake wametengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Tunaushukuru utaratibu huo, na nia yetu ni kuutumia kuagiza fremu kwa pamoja, za umbo moja na saizi mbili tu, zenye matundu na zenye madini yasiyoshika kutu kwa urahisi. Mzigo wa namna hiyo husafiri kwa meli, nasi hatuwezi kuuza pochi ambayo fremu yake bado iko baharini. Tunaomba ofisi yako itusemee ili ratiba ya marejesho ianze kuhesabiwa mzigo ukishafika, au angalau ianze kwa kiwango kidogo.

Sambamba na hilo, tunaomba tupatiwe mtu wa kutuelimisha kuhusu forodha. Katika orodha ya ushuru, fremu tupu ziko chini ya kifungu 8308, pamoja na bizimu na vishikizo vingine vya chuma, ilhali pochi zilizokamilika ziko kifungu 4202. Mzigo wetu ukiandikwa kwenye ankara kuwa ni pochi, unaweza kukadiriwa kama bidhaa iliyokwisha kushonwa, na sisi ndio tunaokwenda kuishona. Jambo hili linahitaji semina ya nusu siku tu.

Ombi la mwisho ni la muda mrefu, na tunalitoa bila kujidanganya. Fremu ni ukanda wa bati uliokunjwa kuwa mfereji, ukapindwa, ukatobolewa, ukaunganishwa kwa ribiti mbili na kutiwa vigololi juu. Mtaani kwetu wapo mafundi bati wanaotengeneza majiko ya mkaa na koroboi kwa nyundo na mkasi, na hapa Tanga tuna SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, pamoja na chuo cha VETA. Tunaomba utuunganishe nao ili watengeneze kalibu ya kukunja na kupinda ukanda wa shaba nyeupe au shaba ya njano, ambayo haihitaji kupakwa kitu juu yake. Huenda fremu ya hapa ikawa ghali kuliko ya China kwa muda mrefu, nasi hatutarajii ishinde kwa bei. Tunaitaka kwa ajili ya pochi za kanga zinazonunuliwa na wageni na wanaosafirisha zawadi kwa ndugu walio Ulaya na Omani, ambao hulipia vizuri kitu wakihakikishiwa kwamba kimetengenezwa chote hapa, chuma na kitambaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kabla hujawakabidhi vijana vyeti vyao, tunaomba upokee pochi moja iliyoshonwa na wahitimu wenyewe. Ni ya fremu ya matundu, ganda lake ni la kikoi na bitana yake ni pindo la kanga. Tafadhali itie sarafu na uifunge na kuifungua mbele yetu mara kadhaa, kwa kuwa ndivyo tunavyowapima wanafunzi wetu, na kama kuna mahali inapokwama, tunaomba utuambie hapahapa kabla ya vyeti kutolewa.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu wa Kikundi kwa niaba ya wanachama na wahitimu wote.